Albamu mpya ya Pet Shop Boys ikitangazwa, jiandae hivi

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 2024 nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje hapa Tabata, umeme umekatika, simu ina chaji ya kutosha, nasubiri saa sita ifike albamu mpya ya Pet Shop Boys, Nonetheless, ifunguke. Kesho yake Ijumaa, sikukuu ya Muungano, miaka 60, kwahiyo hakuna kuwahi kazini, na nilishajipanga wiki nzima, hedifoni zipo, bando lipo, chai ipo kwenye chupa. Saa sita na dakika moja nikabonyeza wimbo wa kwanza. Aisee, sijawahi kuielewa albamu mpya ya hawa wazee haraka kiasi kile, na najua sababu, ni kwamba miezi mitatu nzima kabla ya hapo nilikuwa nailainishia njia.

Iliyotangulia, Hotspot ya Januari 2020, niliiharibu mwenyewe. Niliisikilizia kwenye daladala, nyimbo zimechanganywa, kondakta anaita vituo, mara simu inaingia, nikasema mbona ya kawaida tu nikaiacha. Ilinichukua karibu miaka miwili kurudi na kugundua nilichokipita. Sasa hii ninayoandika hapa ni ile njia niliyoitumia mara ya pili, kwa yeyote anayewapenda au anayetaka kuwajua kabla albamu ya kumi na sita haijatua, maana Nonetheless ndio ilikuwa ya kumi na tano ya studio.

Kwa asiyewajua kabisa, ni watu wawili tu. Neil Tennant anaimba na kuandika mashairi, kazaliwa 1954 North Shields kaskazini mashariki mwa Uingereza, alisoma historia alafu akawa mwandishi kwenye jarida la muziki la Smash Hits. Chris Lowe ni wa vinanda, kazaliwa 1959 Blackpool, alikuwa anasomea usanifu wa majengo Liverpool. Walikutana Agosti 1981 kwenye duka la vifaa vya umeme barabara ya King's Road, London, wakaanza kuongea habari za muziki na mpaka leo hawajaachana. Jina lao lilitokana na marafiki zao waliokuwa wanafanya kazi kwenye duka la wanyama wa kufuga huko Ealing.

Kitu cha kwanza kabla hujagusa albamu yoyote, badilisha sikio. Watu wengi wanawasikiliza kama muziki wa disko, mdundo ukianza wanacheza, mdundo ukiisha wanasahau. Mi nashauri uwasikilize vile bibi zetu wa pwani wanavyosikiliza taarab. Kwenye taarab kinanda kinapiga, watu wanainuka kwenda kutuza, lakini kila mmoja mle ukumbini anajua kuna mtu anasemwa, kuna fumbo kwenye ubeti wa pili, na anayejua fumbo lile ndio anatabasamu. Neil anaandika hivyohivyo. Sauti yake ni ya upole, karibu kama anaongea na wewe peke yako, mdundo wa Chris unakwambia cheza, na maneno chini yake yanaongelea upweke, pesa, wivu, serikali, mtu aliyekufa. Ukishakubali kwamba vitu viwili vinakwenda kwa wakati mmoja basi nusu ya kazi umeimaliza.

Mfano mzuri ni It's a Sin ya 1987. Ukiusikia ukumbini ni kelele tupu na vinanda vikubwa, lakini Neil alilelewa Mkatoliki na kusoma shule ya Kikatoliki Newcastle, na ule wimbo ni mtu mzima anaangalia nyuma jinsi alivyofundishwa kwamba kila anachokitaka ni dhambi. Sasa usiuzime mapema, subiri mpaka mwisho kabisa, utasikia sauti inasali Kilatini, na hiyo sala ni ile yetu ya Nakuungamia Mungu Mwenyezi. Mi nimekulia parokiani, nimeisali hiyo sala kila Jumapili tangu mdogo, na bado ilinichukua miaka kusikia kwamba ipo pale kwasababu nilikuwa nacheza tu. Siku nilipoisikia nilikaa chini.

Alafu uanze kurudi nyuma. Sio lazima albamu zote kumi na tano, ukijilazimisha utachoka kabla mpya haijafika, we chukua tano ukae na kila moja kama wiki mbili hivi. Anza na Please ya 1986, ni ya kwanza, na jina lake lina sababu, walitaka mtu akiingia dukani aseme nipe albamu ya Pet Shop Boys, tafadhali. Kuanzia hapo majina ya albamu zao za studio yote ni ya neno moja, kwahiyo jina la mpya likitangazwa lichukue kwa uzito, jiulize hilo neno linasemwa na nani na anamwambia nani. Kwenye Please utakutana na West End Girls inayoanza na kelele za mtaa na nyayo za mtu anatembea, ndio besi inaingia. Hapa nenda taratibu. West End ni London ya majumba ya maonyesho na maduka na starehe, East End ndio ilikuwa London ya wafanyakazi na bandari, na mtu wa Dar hahitaji kuelezewa sana, ni kama msanii akikutajia Masaki na Tandale kwenye mstari mmoja, hapohapo umeshajua hadithi inakoelekea. Na ujue huu wimbo ulitoka mara mbili. Wa kwanza 1984 walirekodi New York na prodyuza Bobby Orlando, haukufika mbali, wakaurekodi upya na Stephen Hague, na Januari 1986 ukawa namba moja Uingereza na Mei mwaka huohuo ukawa namba moja Marekani. Zitafute version zote mbili, zisikilize zikifuatana, ndani ya dakika kumi utakuwa umejifunza prodyuza anafanya nini kuliko mtu akuelezee kwa maneno.

Ya pili iwe Behaviour ya 1990, na hii naomba usiipite haraka. Waliirekodi Munich na Harold Faltermeyer, yule Mjerumani mwenye vinanda vya analogi, na ndio maana sauti yake ni ya joto, haigongi, inakuja kama mtu anafungua mlango polepole. Wimbo wa kwanza ni Being Boring. Uchukue usiku, taa zimezimwa. Ubeti wa kwanza mtu anakuta picha za zamani na mialiko ya sherehe, wa pili ni kijana anaondoka nyumbani miaka ya 1970 na begi lake, wa tatu tupo miaka ya 1990 na wale aliokuwa anawabusu wengine hawapo. Neil aliuandika akimkumbuka rafiki yake wa tangu ujanani aliyekufa kwa UKIMWI. Hakuna mahali ugonjwa unatajwa, hakuna kilio, kuna mtu tu anahesabu nani amebaki. Sisi tuliokuwa watoto miaka ile tunajua ilivyokuwa, nyumba nyingi zilizika, na jina la ugonjwa lilikuwa halitamkwi, watu walisema tu aliugua muda mrefu. Mjomba wangu mmoja alikuwa na kaseti yao, alirekodi kwa mtu Tanga mjini, na yeye pia aliugua muda mrefu. Kaseti ilibaki kwenye droo ya mama mpaka utepe ukaliwa. Kwahiyo nikisema usiipite haraka ndio hivyo namaanisha.

Very ya 1993 ndio albamu yao pekee iliyoshika namba moja Uingereza. Hii ni ya furaha wazi, na sidii yake ilitoka kwenye kasha la plastiki la rangi ya chungwa lenye vinundunundu kama yale matofali ya watoto ya kuchezea, kazi ya msanifu Daniel Weil. Ukiweza kulishika hata la mtu lishike. Hawa watu wanajali kava kama wanavyojali wimbo, na sehemu kubwa ya sanaa yao tangu miaka ya 80 imefanywa na Mark Farrow, kwahiyo kava la albamu mpya likitoka liangalie kwa makini kabla hujasikia chochote, nafasi tupu zilipo, rangi ni moja au nyingi, wao wenyewe wapo au hawapo. Kwenye Actually ya 1987 Neil kapigwa picha anapiga mwayo, amevaa suti ya sherehe. Mwayo! Kwenye kava la albamu ya pop! Tayari ulikuwa umeambiwa hawa watu hawatakubembeleza.

Ya nne Electric ya 2013, nyimbo tisa, ya kuchezea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hii ndio ya kuweka kwenye sabufa. Ya tano Nonetheless yenyewe, ili ujue waliishia wapi, vyombo vya nyuzi vingi, kuna wimbo wa Rudolf Nureyev yule mcheza baleti aliyekimbia Urusi ya Kisovieti, kuna wa kijana mgeni anaingia London kutafuta wenzake. Ilifika namba 2 Uingereza, na Neil alikuwa anakaribia miaka 70 wakati inatoka. Zilizobaki utazifuata mwenyewe ukinogewa, ila Introspective ya 1988 nayo ina mambo yake, nyimbo sita tu na zote ndefu.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho kinakusaidia kubashiri albamu mpya hata kabla ya singo, nacho ni jina la prodyuza. Wapenzi wa bongofleva ya zamani hili wanalijua, ngoma ya prodyuza P Funk uliijua kabla mtu hajafungua mdomo. Kwa Pet Shop Boys ni vilevile. Electric, Super na Hotspot zote tatu zilisimamiwa na Stuart Price, na ukisikia jina lake jiandae kucheza, besi safi, kila sauti mahali pake. Fundamental ya 2006 ni Trevor Horn, huyo anapenda ukubwa, okestra, kwaya, kila kitu kinang'aa. Yes ya 2009 walifanya na kundi la Xenomania, pop ya moja kwa moja, viitikio vinashika siku ya kwanza. Nonetheless ni James Ford. Kwahiyo tangazo likitoka watu wote wanakimbilia tarehe na orodha ya nyimbo, we tafuta prodyuza ni nani na wamerekodia wapi, maana hata mji unaingia kwenye muziki wao, sehemu kubwa ya Hotspot imefanyika Berlin studio za Hansa na ukisikiliza unausikia ule mji wa usiku.

Singo ya kwanza ikitoka isikilize, ipende au usiipende, ila usiifanye kipimo cha albamu. Loneliness, singo ya kwanza ya Nonetheless, ilitoka mwisho wa Januari 2024, albamu mwisho wa Aprili, hiyo ni karibu miezi mitatu, na katikati hapo kuna kishawishi cha kusikiliza kila kipande kinachovuja na kila kionjo. Mi nafanya hivi, singo ya kwanza naisikiliza kwa uhuru, ya pili naisikiliza mara moja tu alafu naiacha, vionjo vya sekunde thelathini sivigusi kabisa. Sababu ni kwamba wanapanga nyimbo kwa mfuatano wenye akili, wimbo wa tano unajibu wa nne, na ukishazoea wimbo ukiwa peke yake, siku unaukuta ndani ya albamu unausikia kama mgeni aliyekaa kiti cha mtu. Kwa kipindi hicho cha kusubiri sikiliza nyimbo zao za upande wa pili wa singo, zile zilizoachwa nje ya albamu. Wamezikusanya kwenye Alternative ya 1995 yenye nyimbo 30 na Format ya 2012. Kwa bendi nyingine hizo ni makapi, kwa hawa kuna nyimbo mle ndani ambazo msanii mwingine angezijengea albamu. Na ukibahatika kupata zile albamu zao sita za mwanzo zilizotolewa upya 2001 zikiwa na sidii ya pili, soma kile kijitabu cha ndani, wenyewe wanaeleza wimbo kwa wimbo ulivyoandikwa. Hakuna mwalimu bora zaidi ya hicho kijitabu.

Habari ya saa nayo inawachanganya wengi. Albamu siku hizi zinatoka Ijumaa, ulimwengu mzima, tangu Julai 2015, na kwenye apu za muziki kwa kawaida inafunguka ikigonga saa sita usiku ya pale ulipo, kwahiyo sisi Afrika Mashariki tunaisikia kabla ya watu wa London wenyewe. Ila vitu vinavyorushwa moja kwa moja, video mpya au mahojiano, vinakwenda kwa saa ya Uingereza. Wao wakiwa kwenye kiangazi, yaani kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi tuko mbele kwa masaa mawili, nje ya hapo ni matatu. Wakikuandikia 9pm ni saa tatu usiku yao, kwako itakuwa saa tano usiku wa kiangazi au saa sita usiku wa baridi. Andika kwa kalamu ukutani kama mimi, usitegemee kichwa.

Bando pia lipangie. Albamu ya dakika 45 ukiipakua kwa ubora wa juu wa kilobiti 320 inakula kama MB 108, kwa ubora wa chini wa 96 ni kama MB 32. Tofauti unaisikia kwenye vinanda vya Chris, zile sauti za juu zinazometameta zinageuka kama mchanga, kwahiyo ikiwezekana ingia kwenye mpangilio wa apu siku moja kabla, weka ubora wa juu kwenye kupakua, zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, zima na ile ya kuunganisha wimbo na wimbo. Ipakue yote kwanza ndio ubonyeze. Wimbo ukikatika katikati kwasababu ya mtandao umeshaupoteza ule usikilizaji wa kwanza na haurudi.

Anayetaka santuri, sikiliza ushauri wangu. Niliagiza moja kutoka Uingereza, ikakaa juani sijui wapi njiani, ikanifikia imepinda kama chapati, na ya gharama juu, na ushuru nimelipa. Joto letu na santuri haviendani. Sasa hivi naagiza ifike kwa shangazi yangu mji wa Reading hukohuko Uingereza, akija likizo anaibeba kwenye begi la mkononi, imelala bapa katikati ya nguo, sentimita 30 inaingia bila shida. Sidii ni rahisi zaidi na inavumilia. Na kama unaagiza mapema ili uwapandishe chati jua kwamba chati ya Uingereza inahesabu mauzo ya Uingereza, wiki yake ni Ijumaa mpaka Alhamisi, kwahiyo ukiagizia huku kwetu agiza kwa ajili ya kuwa nayo tu, inatosha.

Siku yenyewe sikiliza mara tatu na kila mara kwa namna yake. Usiku ule wa kwanza hedifoni, mwanzo mpaka mwisho, bila kusoma maneno, bila kumwandikia mtu yeyote chochote. Kiingereza kikikupita kiache kipite, sauti ya Neil itakwambia huyu mtu ana huzuni au anadanganya au anaficha kitu. Asubuhi rudia huku unasoma mashairi, na hapa usione uvivu kutafuta majina ya watu na mitaa inayotajwa, kwa mwandishi aliyesoma historia jina halikai pale bure. Mara ya tatu weka kwenye sabufa sebuleni mchana, fanya kazi zako, osha vyombo, kuna mtoto anapita, kuna jirani anagonga, usiisikilize kwa makusudi kabisa.

Siku ile ya Muungano mara ya tatu ilinikuta nachambua mchele. Mke wangu, ambaye hana habari nao, akapita na beseni la nguo akasimama mlangoni, akauliza huyu anaimba nini mbona kama anamuaga mtu. Ulikuwa wimbo ambao usiku nilikuwa nimeupita. Nikazima sabufa, nikachukua simu nikaanza kusoma maneno yake upya, na mchele nikauacha kwenye ungo.